Uyoga wa Nasri

Mwanaidi ndiye aliyeosha maiti za akina mama pale Mlandege, na kazi hiyo aliifanya bila kukunja uso. Lakini jirani yake Esnath alipomletea beseni la uyoga wa aina ya mamama kutoka kwao Kilolo, aligusa kipande kimoja tu, mkono ukamrudi wenyewe. Kilikuwa baridi, laini, kina unyevu. Sikio la maiti hasa.

Alilipokea beseni, maana Esnath alikuja kwa wema. Presha ilikuwa imemlaza Nasri, mume wa Mwanaidi, hospitali, ikamwachia mkono wa kulia mzito, na daktari akamkataza nyama za mafuta. Tangu hapo kila sahani alikuwa akiisukuma. Esnath alieleza kwamba uyoga una protini na mafuta yake ni kidogo mno. Kwamba unachanwa kwa vidole kufuata nyuzi, kisha unakaangwa mpaka maji yake yakauke, ndipo viungo vinafuata.

Kuchana kwa vidole! Mwanaidi alivaa glovu mpya, za aina ileile ya kuoshea maiti, akachana huku ametazama ukutani. Ulipopata moto, uyoga ulitoa maji ya kijivu, ukasinyaa, ukanuka mabua ya maharage yaliyolowa. Akatia vitunguu, saumu, nyanya na karanga za kusaga. Chumvi aliikadiria kwa macho, kuonja hakuthubutu.

Nasri alikula, akaomba tena. Halafu akachota tonge kwa ule mkono mzito, ukitetemeka, akamnyooshea mkewe.

“Onja, mama Amna.”

Mkono huo haukuwahi kuinuka kiasi kile tangu augue. Mwanaidi akafumbua mdomo. Uyoga ukateleza juu ya ulimi, ukakwama kooni, ukateleza tena. Alimeza, akatoka uani mbio, akatapika kando ya bomba.

Aliporudi, Nasri alikuwa ameacha kula.

“Kumbe huupendi.”

“Unanitia kinyaa,” alisema Mwanaidi. “Wewe kula.”

Nasri alimwomba asiupike tena, watatafuta kitu kingine. Kesho yake Mwanaidi alikwenda mwenyewe kwa Esnath kuagiza beseni jingine.

Mpaka leo anaupika, uso kaugeuza pembeni, na sufuria ya uyoga ameitenga. Kinyaa hakijampungua hata chembe. Nasri akila uyoga wake, yeye hukaa mkekani mkabala naye na bakuli la mchicha, wakaongea.