Karanga za Kuchovyea Mihogo

Kila Jumapili baada ya ibada tulikuwa tunakwenda Igombe, mimi na Selina na Dorotea. Hatukuwa na shughuli huko. Tulikaa kwenye mawe karibu na maji, tukavua viatu, tukala, tukawasema watu waliokuwa wanapita. Jua likianza kushuka kila mtu alirudi kwake.

Dorotea ni Mkerewe, anasuka nywele Buzuruga, na hajui kunong'ona. Selina ni Msukuma wa Magu, anauza spea za baiskeli na pikipiki kwenye duka la mjomba wake pale Igoma. Maneno yake ni ya haraka, mafundi wakubwa wanakuja kubishana naye bei na wanaondoka wanacheka. Mimi nampikia shangazi yangu Prudencia ndizi kwenye kibanda chake cha chakula, karibu na stendi ya Buzuruga. Katika sisi watatu, mimi ndiye niliyekuwa nacheka wenzangu wakisema. Mtu akinigeukia ghafla na kuniuliza jambo, maneno yalikuwa yananipotea, na kabla sijayapata Dorotea alikuwa ameshajibu kwa niaba yangu.

Kula kwetu kulikuwa na utaratibu. Sato tulimnunua palepale kwa Mama Paskazia, mama mtu mzima anayechoma samaki chini ya turubai la bluu. Soda zilikuwa za Dorotea, tikiti la Selina. Mimi nilibeba mihogo ya kuchemsha kwenye hotipoti, na kikopo cha karanga za kukaanga nilizozitwanga na pilipili na chumvi, za kuchovyea. Selina alizipenda karanga zile kuliko samaki. Alikuwa anakwangua kikopo kwa kidole.

"Muhaya wangu," alikuwa ananiambia, "ukiolewa mimi nahamia kwako. Mume wako atazoea."

Mwezi wa kumi na moja mama aliniletea senene, wale panzi wa msimu tunaowala kwetu, kutoka Muleba. Alimpa jirani yetu aliyekuwa anapanda meli, wakafika Mwanza kwenye ndoo ndogo iliyofungwa kwa kitambaa. Alikuwa amewanyonyoa mwenyewe mabawa na miguu, akawakaanga mpaka wakawa wakavu. Alinipigia simu. "Wa mwanzo hawaliwi peke yako. Wagawie na marafiki zako hao unaowataja kila siku. Waambie wametoka kwa mama yako."

Kwetu mtu hukuletea senene kama anakupenda. Ukiwakataa, unakuwa umeukataa mkono wenyewe. Sikuwahi kufundishwa hivyo na mtu yeyote, nilikua nikiona tu. Jumapili ile nilifunga mafungu mawili kwenye karatasi safi, nikakaa nayo mapajani muda mrefu nikitafuta namna ya kuanza. Mwishoni niliyasogeza tu.

"Mama amewatumia."

Dorotea alifungua lake na kuanza kutafuna hapohapo. Selina alichungulia, akalikunja, akalirudisha.

"Mwambie mama asante sana, shikamoo yake. Lakini hawa mwili wangu unawakataa. Nilionja nikiwa darasa la sita, midomo ikawasha hadi jioni."

"Acha maringo," Dorotea alisema. "Sema unaogopa."

"Niogope panzi? Kwetu tunawafukuza shambani, wenzetu wanawawekea chumvi!"

Vijana waliokuwa jiwe la pili wakasikia, wakacheka. Selina alipoona wamecheka akaongeza. "Huyu Leonsia mnayemwona mpole hivi, akiingia kwenye majani mabichi hatoki. Anashiba humohumo."

Dorotea alicheka mpaka soda ikamtoka puani. Mimi nami nilicheka. Nililichukua lile fungu nikalitia kwenye mfuko, na lilikaa humo siku nzima likinigusa pajani kila nilipojigeuza.

Selina ananitania kila siku, na sikuwahi kuumia. Siku ile niliumia. Mama alikuwa amekaa usiku akinyonyoa mabawa ya wadudu wadogo, mmoja mmoja, kwa ajili ya mtu asiyemjua. Na ile habari ya mwili kukataa sikuiamini. Wateja wa shangazi wasiotaka ndizi husema hivyohivyo, mwili wangu unakataa, halafu kesho unawaona wanazila kwa jirani. Nilijua ni namna ya mtu mstaarabu kusema kitu chako kinamtia kinyaa.

Ndipo nikapata wazo. Jumamosi iliyofuata nilipokuwa natwanga karanga, niliongeza senene viganja viwili kwenye kinu. Nilitwanga mpaka vikawa kitu kimoja. Nilionja, zilikuwa tamu zaidi. Nilijiona mjanja. Nilipanga Selina ale, akwangue kikopo, halafu mimi, mimi mwenyewe, niseme mbele ya watu: "Haya, panzi wametelemka vizuri?" Niliifanyia mazoezi sentensi ile mara nyingi nikiosha vyombo.

Jumapili ilikuwa na jua kali na upepo kidogo. Selina alivaa gauni jipya la kitenge na alikuwa na furaha, mjomba alikuwa amemwachia funguo za duka. Alichovya muhogo wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Leo umezitendea haki hizi karanga," alisema. "Umeweka nini?"

Ilikuwa ndiyo nafasi yangu. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Lakini nilitaka amalize kwanza ndipo nicheke vizuri. "Nimezikaanga zaidi," nilisema.

Hakumaliza. Alianza kujikuna shingo, akasema kuna mbu. Halafu akajikuna mikono, na mikononi vikatokea vipele kama vya upupu. Akakohoa. Dorotea alikuwa anasimulia habari za mteja aliyetoroka akiwa amesukwa nusu kichwa, hakuona. Mimi niliona. Niliona mdomo wa chini unajaa, taratibu, kama kitu kinachopulizwa kwa ndani.

"Maji," Selina alisema. Sauti haikuwa yake.

Tulimpandisha bodaboda, yeye katikati, Dorotea nyuma akimshika. Mimi nilikimbia kwa miguu. Zahanati haikuwa mbali, lakini nilipofika nilikuta wameshamlaza, macho yamekuwa mistari miwili na pumzi inapiga filimbi kifuani. Nesi wa zamu alikuwa mama mnene mwenye miwani. Alikuwa anampima huku anauliza.

"Amekula nini?"

"Sato," Dorotea alisema. "Sato na mihogo na karanga na tikiti. Vyote tumekula pamoja, mbona sisi wazima?"

"Samaki mlinunua wapi?"

"Kwa Mama Paskazia pale ufukweni. Atakuwa ametuuzia wa juzi, yule mama!"

"Kuna kitu chochote mwili wake haukubali? Dawa? Chakula?"

"Senene tu, alituambia wiki iliyopita. Lakini leo hatujala senene."

Nesi alinitazama na mimi. "Wewe?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilitikisa kichwa.

Ndivyo nilivyofanya. Sikusema uongo kwa mdomo, nilitikisa kichwa. Nesi akamchoma sindano ya kwanza, akasema tusubiri tuone kama itashusha. Dorotea hakuweza kusubiri. Alitoka mbio, na kabla hajafika mbali nilimsikia akipiga kelele barabarani kwamba kuna mama anawalisha watu samaki wabovu. Nikabaki mimi na Selina na nesi. Ukutani kulikuwa na saa. Sitaki kujidanganya, niliitazama. Mshale mrefu ulikuwa kwenye mbili nilipotikisa kichwa. Ulipofika kwenye tatu, Selina alikuwa bado analitafuta shuka kwa vidole, na ile filimbi ikawa nyembamba sana.

"Walikuwa kwenye karanga," nilisema.

"Unasemaje?"

"Senene."

"Sema kwa sauti, mwanangu, sikusikii!"

"Nilitwanga senene kwenye karanga! Yeye hakujua!"

Nesi hakunigombeza. Hakunitazama hata kidogo. Aligeukia kabati, akavunja kichupa kingine, akamchoma pajani juu ya gauni lilelile jipya, akamwekea hewa. Baadaye, pumzi ilipoanza kurudi, alivua miwani akaifuta kwa koti lake.

"Ungesema pale mwanzo," aliniambia. "Nilikuuliza kwa sababu."

Selina alilazwa hadi asubuhi. Mjomba wake alikuja, nilimsalimia shikamoo akaitika bila kujua mimi ni nani katika habari ile. Dorotea aliporudi nilimweleza mwenyewe. Alikaa kwenye benchi, mbali kidogo nami.

Siku nne nilipika ndizi bila kujua ninachopika. Shangazi alidhani nina malaria. Siku ya tano nilikwenda Igoma. Selina alikuwa nyuma ya kaunta, uso umerudi ila chini ya macho bado kulikuwa kumevimba. Alikuwa anapanga minyororo ya baiskeli kwenye misumari. Hakuacha kupanga.

"Karibu."

"Pole," nilisema.

"Nimeshapoa."

Nilisimama. Pikipiki mbili zilipita nje.

"Utani naujua," alisema. "Mimi ndiye niliyeanza. Niliisema vibaya zawadi ya mama yako mbele za watu, hilo nimeliwaza kitandani, unisamehe. Hayo ya kwenye karanga tungeyamaliza. Ningekupiga kidogo, yangeisha."

"Sikujua ni kweli. Nilidhani unasema tu."

"Sawa, hukujua. Lakini nesi alipouliza nilikuwa nasikia, Leonsia. Macho ndiyo yaliyofumba. Nilimsikia Dorotea akitaja senene. Nikasikia nesi anakuuliza wewe, halafu sikusikia kitu. Nikajua hujafika." Ndipo akaacha minyororo. "Ulikuwepo?"

Ningeweza kusema sikuwepo. Nilikuja kwa miguu, yeye hakuona, nesi hayupo hapa.

"Nilikuwepo. Nilitikisa kichwa."

"Kwa nini?"

"Niliona aibu."

"Aibu." Alilitamka kama jina la mtu anayejaribu kumkumbuka. "Yaani mimi nakata roho, wewe unaona aibu."

Fundi mmoja aliingia akaulizia pedi za breki. Selina alimhudumia, akamrudishia chenji, akamwambia karibu tena, yote kwa sauti yake ya siku zote. Fundi alipotoka sauti hiyo ikatoka naye.

"Mama Paskazia umeshamwambia?"

"Bado."

"Siku tano! Dorotea alimtukana mbele ya wateja wake, watu wakamwaga sahani. Dorotea naye anaona aibu kurudi, anasema kosa ni lako." Alichukua mnyororo mwingine. "Nenda, Leonsia. Sijakufukuza. Ila sijui nikuweke wapi, na wewe umesimama hapo unanisubiri nikwambie. Sijui."

Jumapili sikwenda kwenye ibada. Nilikwenda Igombe peke yangu, bila hotipoti. Turubai la bluu lilikuwepo, na moto, na sato watano tu juu ya wavu. Siku nyingine wanakuwa ishirini. Mezani walikaa mwanamume mmoja na mkewe na watoto wao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alinitambua. Aliweka koleo chini. "Mwenzenu aliyeumwa yuko hai?"

"Yuko hai."

"Namshukuru Mungu. Sikulala."

Sikutegemea aulize hilo kwanza. Miguu ilitaka kugeuka. Nilishika nguzo ya turubai nikasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia mbele za watu, kwamba samaki wake hakuwa na kosa, kwamba mimi ndiye niliyetia senene kwenye chakula cha rafiki yangu kwa siri na mwili wake hauwakubali, na kwamba niliulizwa nikanyamaza, na ndiyo maana mama huyu akatukanwa bure. Yule mwanamume aliacha kula. Mtoto wake akauliza senene ni nini. Mama yake akamwambia anyamaze.

Mama Paskazia alimgeuza samaki mmoja, polepole, mpaka upande wa pili ukatazama moto.

"Umefanya vizuri kuja," alisema. "Ila hawa unaowaambia ni wageni, wamefika leo kutoka Geita, hawakusikia lolote. Waliosikia wako huko nyumbani kwao, na kila mmoja ameshamwambia jirani."

"Nitakuja tena Jumapili ijayo."

"Na wasipokuja?"

"Nitakuja na ile nyingine."

Alinitazama bila kuchukia na bila kulainika. Kisha akasukuma kwa mguu kigoda kilichokuwa kando ya moto, kikasimama mbele yangu, mahali ambapo kila anayeshuka kutoka barabarani angeniona.

"Basi kaa hapo," alisema. "Wakija, useme."