Mikono ya Kapitolina

"Bibi, mikono yako misafi mno," alisema binti mpambaji huku akichovya brashi katika kopo la masizi ya mafuta.

"Niachie. Na mimi si bibi yako."

Tangu asubuhi zizi la Kapitolina lilikuwa limejaa taa, nyaya na watu wa Moscow waliopiga mayowe kila walipokanyaga mavi. Walikuja kutengeneza tamthilia ya familia ya wakulima katika mwaka wa njaa baada ya vita. Mke wa mkulima aliigizwa na dada mmoja mwenye nyusi nyembamba kama uzi. Aliketi kushoto kwa ng'ombe! Nochka, aliyezoea kukamuliwa upande wa kulia, akaipiga ndoo teke. Wakamvika dada yule kitambaa cha kichwani na koti la Kapitolina ili ng'ombe asimkatae, naye akalalamika kwamba linanuka.

"Ulitaka linukie marashi?" Kapitolina alimuuliza.

Ndipo ikaamuliwa kwamba kwenye picha uso uwe wa dada, mikono iwe ya Kapitolina. Moyoni alifurahi sana. Mwaka ule wa njaa mama yake alivusha watoto wanne kwa ng'ombe mmoja tu, na Kapitolina alitaka nchi nzima ione kazi ile ilivyofanywa.

"Mkulima mwenye njaa ana mikono michafu," alisema Vadim, mwongozaji, akiwa ndani ya koti jipya la kishamba. "Huo ndio uhalisia."

"Uhalisia wa wapi? Sabuni hatukuwa nayo, tulinawa kwa maji ya majivu. Kiwele hakiguswi kwa uchafu. Kikiugua, watoto wanakufa. Tulikosa mkate, hatukukosa akili."

"Mama, watazamaji hawatajua hayo."

"Basi waonyeshe wajue!"

Walimcheka, hata yule wa kushika taa. Vadim akamwambia apakwe masizi au watafute mwingine. Kapitolina alimwaga maji ya moto kwenye beseni, akanawa hadi kwenye viwiko, akafuta kiwele, akaketi upande wa kulia. Maziwa yakalia ndani ya ndoo. Hakuna aliyewasha kamera. Walikuwa wameshaanza kukunja nyaya, wakielekea kwa jirani yake Taisiya, ambaye alikubali masizi kabla hawajamaliza kumwomba.

Februari tamthilia ikaonyeshwa. Taisiya, ambaye televisheni yake ilikuwa imekufa, alikuja na pai ya kabichi na majivuno yake yote. Kapitolina alimkaribisha kwa shingo upande.

"Hiyo, hiyo! Mikono yangu!" Taisiya alipiga kelele. "Umeona? Utadhani nimezaliwa kwenye filamu."

Kwenye kioo cha televisheni, vidole vyeusi tii vilivuta chuchu. Halafu ukaja uso wa dada, mweupe, machozi yamepangwa vizuri. Kapitolina aliona aibu kwa niaba ya mama yake, kisha hasira.

"Taisiya, ng'ombe wako anakamulika chuchu ngapi siku hizi?"

Taisiya alimeza pai polepole.

"Tatu," alisema. "Ya nne ilivimba siku chache baada ya wao kuondoka. Ikakauka."

Kapitolina alikuwa na maneno mengi ya kumwambia. Badala yake aliinuka. Alileta jagi la maziwa ya Nochka, bado yana joto, akaliweka mbele yake. Taisiya hakuligusa. Mikono yake aliificha chini ya meza, na pale kwenye kioo iliendelea kukamua.