Twiga wa Mkono wa Kushoto

Watu walimwita Mkono, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na wateja kwa vile alivyokuwa akichora: mstari mmoja, bila kusita, na ndege keshapatikana. Mkewe aliitwa Mama Makasi, kwani kabla hawajanunua mashine ya kukatia karatasi, kila alichochora mume yeye alikikata kwa makasi, hadi kidole gumba kikaota sugu.

Mashine ilipokuja waligawana kazi vilevile. Mkono alichorea chumbani, kwenye kompyuta yake. Mama Makasi alipokea faili sebuleni, maana sebule ndiyo iliyokuwa karakana yao, akaliingiza kwenye programu ya mashine, akabandika karatasi ya manila juu ya mkeka wa kunata, na kisu kikaanza kutembea. Kadi za harusi, mapambo ya kuta, majina ya watoto wachanga, yote yalipita hapo.

"Kaka yangu anaumba, wewe unachinja," wifi yake alipenda kuwatania. Alikuwa dada mkubwa wa Mkono, mshonaji wa mtaa wa pili, mwanamke ambaye mdomo wake haukujua likizo.

Kiharusi kilimpiga Mkono asubuhi moja akivaa viatu. Hakikumuua, ila kilimnyang'anya upande mzima wa kulia. Maneno yalirudi baada ya wiki kadhaa, yakijikokota. Mkono haukurudi. Lile jina ambalo watu walikuwa wakiliita mlangoni kwa bashasha, sasa walilimeza, wakabaki kusema "mgonjwa anaendeleaje?"

Kwa miezi mitatu alikaa akitazama ukuta. Chakula alikidonoa. Ndevu zikaota ovyo, na mkewe akija na wembe aligeuza uso. Mama Makasi akawa anawauzia wateja michoro ya zamani, ile iliyohifadhiwa kwenye kompyuta, huku akiomba asiulizwe mipya.

Halafu mwalimu wa chekechea akaja kuagiza wanyama wa kupamba darasa: kobe, korongo na twiga. Aliongea kwa sauti kubwa, na Mkono akasikia kutoka chumbani.

"Mama," aliita. "Nihamishie kipanya. Upande huu."

Alichora siku nne kwa mkono wa kushoto. Ya tano akasema twiga yuko tayari.

Mama Makasi aliliingiza faili. Twiga alitokea mdogo kama ukucha, jambo la kawaida kwa programu ile, akamvuta mpaka akajaa ukurasa. Hapo ndipo alipoona. Mistari ilitetemeka kama mwandiko wa mtu aliye kwenye gari bovu, lakini hilo si kitu, watoto hawajali. Tabu ni kwamba mistari haikukutana. Faili la namna ile si picha tu, ni njia kinayoonyeshwa kisu: kianzie wapi, kikunje kona wapi, kimalizie wapi. Kwa macho ya binadamu yule alikuwa twiga. Kwa mashine ilikuwa barabara iliyokatika sehemu arobaini na tatu. Alizihesabu.

Akamkata hivyo hivyo. Mashine ilipomaliza, twiga alibaki ameng'ang'ania karatasi kila palipokuwa na pengo. Alijaribu kumbandua taratibu kwa kibano. Shingo ikachanika.

"Ametoka?" Mkono aliuliza kutoka chumbani.

Mama Makasi alitazama shingo mkononi mwake. "Ametoka!"

"Mzuri?"

"Mzuri, mzee. Kama zamani."

Siku hiyo Mkono alimaliza sahani yake, akaongezwa. Baadaye akaomba wembe.

Basi, ungekuwa wewe ungefanyaje? Mumewe alipolala mchana, Mama Makasi alikaa mbele ya kompyuta ya sebuleni akaunga nukta moja baada ya nyingine, mapengo yote arobaini na matatu. Kwa kobe aliunga, tena akanyoosha na gamba. Kwa korongo alichora miguu upya. Mwalimu alifurahi, akaagiza tena, akawaambia na wenzake. Na kadiri kazi zilivyoongezeka, ndivyo muda wa kuunga ulivyopungua. Mkono alichora twiga wa pili, mwenye mtoto, kwa ajili ya ukumbi wa shule. Mistari yake ilikuwa imevurugika kiasi kwamba mkewe hakujua mguu upi ni wa mama na upi wa mtoto. Mwalimu alikuwa anamsubiri twiga huyo kesho yake. Mama Makasi akafungua michoro ya zamani, akatafuta, akampata twiga na mtoto wake, mchoro wa miaka sita nyuma. Akauingiza huo.

Alimweleza wifi yake peke yake.

"Mwache afurahi," wifi alisema huku akikata uzi kwa meno. "Uongo gani huo? Twiga wa kwake, wewe umebadilisha siku tu."

Mama Makasi alicheka, akaaga mapema.

Mwezi wa nne tangu aanze kuchora tena, Mkono aliweza kutembea kwa fimbo. Mwalimu akawaalika wote wawili shuleni siku wazazi walipokuja kuona madarasa. Mama Makasi alitafuta visingizio vyote, mvua, miguu, umbali, lakini Mkono alikuwa ameshavaa shati jeupe na anasubiri mlangoni.

Ukumbini watu walimpigia makofi. Mwalimu alimshika bega akatangaza, "Mkono wa kushoto huu, jamani!" Mkono alitabasamu kwa ule upande wa mdomo uliokuwa ukimtii. Kisha akamtazama twiga ukutani. Akasogea, fimbo yake ikigonga sakafu, akanyanyua kidole cha kushoto akaufuata mgongo wa mnyama kutoka shingoni hadi mkiani. Mstari mmoja, bila kusita.

Kidole kikasimama. Alimgeukia mkewe, na Mama Makasi akatazama chini.

Walirudi nyumbani. Walipofika, Mkono alikaa sebuleni, kwenye kiti cha mkewe.

"Lete faili langu. Langu la kweli."

"Mzee, umechoka…"

"Liingize nione."

Akaliingiza. Mkono alilitazama muda mrefu, karibu na kioo, kama mtu anayesoma barua kutoka hospitali.

"Sasa kata."

"Halitatoka, mume wangu."

"Nimesema kata."

Kisu kilitembea, kikaruka, kikatembea. Mkono mwenyewe ndiye aliyembandua twiga, kwa ule mkono wa kushoto. Mtoto wa twiga alibaki kwenye mkeka. Mama yake alitoka vipande vitatu. Akavipanga mezani kimoja kimoja.

"Na wale wengine?"

"Niliwaunga," Mama Makasi alisema, na machozi yakaanza. "Nisamehe. Ulikuwa huli. Ulikuwa hutaki hata wembe. Nikaona…"

"Nilikuwa naamini," Mkono alisema. Maneno yalimtoka kwa shida, akayasubiri. "Kila siku nikiamka, najiambia, unarudi. Mkono unarudi. Kumbe ni wewe."

Afadhali angefoka. Hakufoka. Aliomba asaidiwe kusimama, akaenda kulala jua likiwa bado kali.

Wifi alikuja kesho yake na maneno yake yote, akakaa ukingoni mwa kitanda akamwambia kaka yake asiwe na roho ngumu, mke kama huyu wengine wanamtafuta kwa tochi. Mkono alimsikiliza hadi mwisho. "Dada," akasema, "sijamkasirikia. Ila sitachora tena." Na wifi akachukua mkoba wake, akaondoka.

Hakuchora tena kweli. Baada ya wiki mbili alitoka mwenyewe hadi sebuleni, akashika kibano, akaanza kubandua vipande vidogo kutoka kwenye kadi zilizokwisha kukatwa, macho ya katikati ya herufi, matundu ya majani. Ni kazi ya subira, na mkono wa kushoto uliiweza. Siku hizi wanakaa meza moja, anakula vizuri, anajinyoa mwenyewe. Wateja wakiuliza kama mzee bado anachora, hujibu yeye mwenyewe kwamba hapana.

Kitu kimoja tu ndicho ambacho Mama Makasi hajakizoea. Akimsifu kwa jambo lolote, shati limempendeza, leo ametembea mbali, kadi zimetoka safi, Mkono huweka kibano chini, akamtazama usoni kwa upole kabisa, na kumuuliza:

"Kweli?"