Noti Iliyopigwa Pasi

...na asilambe kidole, ee Mola, asilambe tena kile kidole, mate ni sumu kwa noti, mara ngapi Zubairi amewafukuza watu wazima dukani kwa kosa hilo hilo, hata yule bwana wa benki aliyekuja na tai yake shingoni alitolewa nje kama kuku, lakini leo amekaa kimya nyuma ya kaunta, kati ya sanduku la misumari na sanduku la bawaba, anamtazama Patience, mke wa rafiki yake Otim, akilamba kidole na kugeuza ukurasa wa albamu ya noti za zamani, analamba, anageuza, na mdomo wa Zubairi, mdomo unaojulikana mtaa mzima wa Namakwekwe kwa kukosa breki, umekwama kama kitasa kilichoshika kutu, kwa sababu dakika tano zilizopita, si zaidi, chai yenyewe bado inatoa mvuke, Patience alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya kufuli, "Shemeji, mimi nimekuja kwa jina la mtoto," na yeye akauliza, jina gani, Shemeji, na Patience akajibu, "Lile Otim aliandika juu ya noti, ile alikutumia kutoka Somalia."

Aliandika... kwa penseli... pembeni, chini ya mgomba uliochorwa kwenye noti hiyo, maneno madogo ya kijivu, na Zubairi aliyaona, hawezi kusema hakuyaona, aliyaona na damu ikampanda kichwani, akasema punda gani huyu ameandika juu ya noti safi namna hii, muuza duka gani wa Mogadishu hana karatasi nyumbani kwake, akachukua raba... "Aliniambia kwenye simu," Patience anaendelea, macho yakiwa kwenye albamu, "akasema, kama ni mvulana ataitwa jina la baba yangu, hiyo imekwisha, lakini kama ni msichana, jina nimeliandika, liko kwa Zubairi, utaenda kusoma mwenyewe, mimi silitaji, kwetu mtoto hatajwi kabla hajalia," na baada ya siku nne kambi yao ikashambuliwa alfajiri, na Sajini Otim akarudi ndani ya sanduku lililofunikwa bendera, na Zubairi alikwenda mpaka kwao Lira kumzika, alisimama pale na kofia yake ya sala katikati ya wakatoliki wanaoimba, alirusha udongo kwa mkono wake huu huu, mkono ulioshika raba, wala hakujua, wallahi hakujua, ila kutojua siyo stakabadhi, mteja akirudisha kufuli bovu humwambii sikujua, unampa jingine... na hapa jingine ni lipi?

Analamba kidole. Ukurasa wa noti za Kenya, zile za zamani. "Hizi nyingi ni zenu wawili?" Ndiyo, Shemeji, ni zetu wawili. "Alikuwa akija likizo, siku ya kwanza ni yako, mimi ya pili," anasema, anacheka kidogo, "nilikuwa nakuonea wivu kama mke mwenza," na kutoka mlango wa nyuma Nulu, mke wa Zubairi, ambaye amembeba mtoto begani na kumpigapiga mgongo, anadakia, "Na mimi je, mwenzangu? Huyu mzee akipata karatasi ya mfalme aliyekufa hali chakula siku nzima! Banange, jamani, mtoto huyu ana mapaja, anaitwa nani vile?" na Patience anasema, "Nyako," na Nulu anasema jina zuri, na Patience anasema, "Siyo jina, dada, kwa Kiluo ni msichana tu, tunamwita Msichana," miezi minane mtoto anaitwa Msichana, kama mtu aliyefungua duka akaliita Duka, babu yake kule Lira anapiga simu kila wiki, mpe jina huyu, hata ng'ombe wana majina, na Patience anakataa, analo jina, baba yake alimwachia, ningekuja mapema, Shemeji, lakini kwanza mazishi, kisha uzazi, kisha kukaa kwa wakwe, sasa padri wa Jinja ameniambia Jumapili hii ndiyo ubatizo, na leo ni Alhamisi, na albamu imebakiza kurasa sita.

"Noti gani hiyo," Nulu anauliza, "ile ya mgomba?" na Zubairi anasema kwa ukali, "Nulu, maziwa yanamwagika jikoni," na Nulu anamtazama kwa yale macho ya miaka ishirini na mitatu ya ndoa, kwa sababu hakuna maziwa jikoni, na kwa sababu pasi ilikuwa yake, pasi ya mkaa, yeye mwenyewe aliipepea mpaka ikashika moto akidhani mzee anataka kunyoosha kanzu, akamkuta ameinamia noti chini ya kitambaa cheupe kama daktari, akamwambia, Baba Jafar, si wewe unayesema noti ikipigwa pasi imekufa? naye akamfokea... alisema kweli, Nulu, alisema kweli kabisa na akafokewa.

Imekufa, ndiyo, hayo ni maneno yake mwenyewe Zubairi, ndiyo maneno ya kwanza aliyomwambia Otim, miaka kumi na mmoja iliyopita kwenye soko la Jinja, alipokuwa bado na meza ya makufuli, kabla hajahamia huku Mbale, buti mbili nyeusi zikasimama mbele ya meza na sauti ya Kiswahili cha jeshi ikashuka kutoka juu, "Wewe, mzee, mimi nasikia iko mtu hapa nanunua pesa ya zamani," na Zubairi akaliweka chini kufuli alilokuwa akilifungua, siyo kwamba Kiswahili hakijui, chuo cha Kurani kilimfundisha na madereva wa malori ya Mombasa wakamalizia, lakini Kiswahili kikitoka juu ya buti ni kingine, baba yake marehemu alikuwa akikisikia mlangoni anaingia uvunguni, mtu mzima na ndevu zake, na labda kwa sababu ya ule uvungu Zubairi hajawahi kumnyenyekea mwenye buti, aliichukua noti, akainusa, akaiinua juani, akasema, "Afande, hii imefuliwa na sabuni na kupigwa pasi, pembe zinang'aa kama kiatu, mimi sinunui maiti." "Wewe nasema mimi mwongo?" "Sisemi wewe ni mwongo, afande, nasema noti ndiyo mwongo," muuza chapati wa jirani akabeba kikaango chake na moto wake akaondoka, akina mama wakavuta watoto, na yule askari akabaki amesimama, shingo nene, jasho kwenye mdomo wa juu, halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi juu ya kopo la rangi, akasema, "Bwana, mimi ndiye nilipiga pasi, kwa mkono yangu. Sasa nifundishe."

Akamfundisha. Yeye aliyeacha shule darasa la nne, aliyejifunza Kiingereza kwa kusoma maandishi ya kwenye noti na katalogi iliyochanika aliyoiokota kwenye vitabu vya wahindi waliohama, akamfundisha sajini, na wakawekeana sheria tatu pale juu ya makopo ya rangi wakila njugu, sheria ya kwanza hatukunji, ya pili hatufui, ya tatu hatuandiki juu ya noti, anayevunja ni msaliti, na Otim akapiga saluti kwa ganda la njugu... na tazama sasa, Otim amevunja ya tatu na Zubairi amevunja ya pili, juu ya noti moja, ila mmoja alivunja kwa sababu alikuwa na binti anakuja na hana karatasi nyingine anayoiamini duniani, na huyu mwingine kwa sababu gani? sema, Zubairi, wewe mpenda ukweli, sema... kwa sababu mkusanyaji mmoja wa Nairobi alikuwa anapita Mbale Ijumaa ile, na ulitaka akione kitu cha rafiki yako kinang'aa, ukajidanganya kwamba hataigundua pasi, ulitaka aseme, hata Nairobi hatuna kama hii. Basi. Ni hivyo tu. Majivuno, na hasira juu yake.

Lakini aliyaona maandishi. Macho yaliyaona kabla raba haijapita, na kilichoingia machoni hakipotei, kiko ndani mahali fulani kama msumari ulioanguka kwenye vumbi, kitafute... Douglas, askari mwenzake Otim, aliileta ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisa, akaitoa kwa vidole viwili, amefundishwa, akasema "Otim nakusalimia, anasema usionyeshe mtu mpaka mke yake nyumbani aje," na yeye akadhani ni mambo ya kumshangaza mke, akacheka, akamwaga maji ya uvuguvugu kwenye sahani, sabuni kidogo ya unga, lakini kwanza raba, raba ilianzia kushoto, herufi ya kwanza ilikuwa... A. Ilikuwa A, kubwa, miguu yake imepanuka kama ya mtu aliyesimama gwaride, A! anakaribia kupiga kaunta kwa furaha, halafu anaurudisha mkono magotini, kwa sababu Otim mwenyewe alimwambia, kwao majina ya wasichana karibu yote yanaanza na A, Akello, Apio, Auma, Adong, Akot, "ukisimama sokoni kwetu ukaita A tu, wanawake wote wanageuka," walicheka sana siku ile... na baada ya A? Kijivu. Mavumbi ya raba. Akayapuliza kwa mdomo wake, pfff, jina zima la mtoto likaruka likaingia kwenye misumari.

Ukurasa umegeuka. Umebaki ule wenye noti za mia za zamani, na mwingine, na mwingine, halafu huo wenye noti ya mgomba. "Shemeji, mbona husemi?" Nasikiliza, Mama. "Umechoka na funga?" Nilifungua Jumatatu, ilikuwa ya sunna. Penseli iko juu ya sikio lake, iko hapo daima, ya kuandikia vipimo vya bawaba, ina ncha nzuri, aliichonga asubuhi, na mkono unapanda wenyewe kuigusa... angesema, Shemeji, hebu niitoe hiyo kwenye mfuko wake, ina plastiki ngumu, angegeuka kuelekea kwenye mwanga, herufi nne, A na nyingine tatu, Akot, mwandiko wa Otim anaujua kuliko wake, nani angejua? Patience angelia, angefurahi, padri angemwaga maji, babu wa Lira angekata simu ameridhika, na mtoto angekua, angeolewa, angezikwa na jina lile, na Otim asingesema kitu kwa sababu Otim yuko chini ya udongo aliourusha Zubairi, kila mtu angepata alichokuja kukitafuta, ni nani angedhurika?... na vidole vimeshika penseli, vimeishika kabisa, na hapo ndipo anapowaona wale waliomcheka mwaka juzi, alipokuta boliti limenasa chini ya sahani ya mizani, akapanda bodaboda mpaka Nakaloke kumrudishia mama mmoja misumari yake, konzi moja, kijiwe kizima kikamcheka, nauli inashinda misumari! naye akawajibu, mizani yangu haina kidole... haina kidole, sivyo? Kwa misumari haina, kwa mtoto wa Otim inacho. Alimwambia askari mwenye bunduki usoni kwamba noti yake ni mwongo, halafu leo, kwa mwanamke mwenye chai mkononi, anataka kutengeneza noti ya uongo kuliko zote alizowahi kuzikataa, maiti iliyofuliwa, ikapigwa pasi, ikatiwa na jina.

La. Anaishusha penseli kutoka sikioni, anaitupa kwenye sanduku la misumari ya inchi nne, anaisikia ikizama. La, na la tena. Atasema. Na hatasema nusu, maana nusu anaijua, ni bidhaa ya madalali, asianze na Douglas, Douglas huenda alimwona akiandika, huenda walicheka pamoja juu ya jina hilo usiku wa zamu, watamtafuta Douglas, kesho asubuhi atapanda basi hata kama kikosi chake kiko mwisho wa nchi, lakini Douglas atakuja baada ya ukweli, siyo mbele yake kama ngao, kwanza raba, kwanza sabuni, kwanza pasi ya Nulu, kwanza yule wa Nairobi, kila kitu kwa mpangilio wake, kisha A, nilichokiona ni A, sina zaidi, Shemeji, na ukitaka kunitemea mate nitemee, duka ni hili, na noti hii ondoka nayo, ni ya binti, aiweke, na akijua kusoma mlete hapa nimwambie mwenyewe, kwa mdomo huu, nani alifuta... na akiwa na hasira kama zangu basi atanipiga, na atakuwa na haki, na jina lake lolote lile, la Douglas likipatikana, la babu yake, la mama yake, litakuwa jina la kweli lililotolewa na mtu aliye na haki ya kulitoa, siyo la muuza bawaba wa Namakwekwe.

Nulu amesogea mlangoni, mtoto begani. Anamtazama, anatazama lile sanduku la misumari, anamtazama tena, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi yale macho ya miaka ishirini na mitatu yanalegea. Mtoto amegeuza kichwa, ana shingo nene, ana jasho kwenye mdomo wa juu. Mvuke wa chai bado unapanda, umepungua kidogo tu, nje bodaboda zinapiga honi zile zile, na Patience analamba kidole, anakiweka kwenye pembe ya ukurasa wa kabla ya mwisho, anaunyanyua, na chini yake jani la mgomba limeanza kuonekana, safi, linang'aa, halina kitu.

"Shemeji," Zubairi anasema, na sauti yake ni ile ile ya soko la Jinja, "kabla hujaitazama hiyo, nitazame mimi."