Tumba la Mwasumini

Nyinyi mnaopita hapa mkaniona nimeinama nachungulia chupa ya maji iliyojaa mchanga, msinicheke. Majirani zangu wa Minjila wameshacheka vya kutosha. Wanasema mke wa Bonaya karukwa na akili, analea vijiti kama watoto. Wacha waseme. Wao hawakuzika mtoto kando ya mto.

Mwanangu Kadra alifariki kwa homa kabla hajatimiza miaka minne. Tulimzika mwisho wa shamba letu la zamani, ukingoni mwa Tana, na mama yangu mzazi, Mpokomo mwenye mkono wa kupanda, akaweka mwasumini upande wa kichwa. Mti ule ulinawiri, jamani! Kila Ijumaa nilikwenda na kisu, nikakata matawi makavu na yale yaliyojipenyeza ovyo, na kila nikiupogoa ulirudi na maua maradufu. Mama naye alipofariki, ukabaki mti peke yake wa kunisikiliza.

Halafu ikaja mvua ile. Mto ulifura, ukaanza kula ukingo. Bonaya, mume wangu, ni Muorma, mtu wa ng'ombe, maneno yake ya kuhesabika. Siku hiyo alirudi na matope mpaka mapajani akaniambia, "Swabra, kama una kitu cha kuchukua kule, twende sasa hivi."

Tulipofika, udongo ulikuwa uji. Kufukua kaburi hakukuwezekana, hata wanaume wanne wa jirani waliokuja kutusaidia walijaribu kusogea wakazama mpaka magotini. Mimi nikaushika mwasumini kwa mikono miwili nikitaka kuung'oa mzima mzima, ardhi ikapasuka nyuma yangu, na Bonaya akanivuta kwa dera mpaka likararuka. Nilichotoka nacho ni matawi machache niliyoyakata kwa kisu huku nikilia. Wiki hiyo hiyo maji yakabeba mti, kaburi na nusu ya shamba.

Kwa hivyo nieleweni vizuri. Mwanangu hana kaburi. Kitu pekee kilichobaki hapa duniani kilichokunywa kwenye udongo wake ni vile vijiti. Kimoja tu kikishika mizizi, nitakuwa na mahali pa kukaa nikamwombea dua. Vikifa vyote, sina. Ndiyo maana roho yangu imekaa juu tangu siku ile.

Nilifanya kila kitu alivyonifunza mama. Nilikata kila kijiti chini ya kifundo, pale linapotokea jani, maana hapo ndipo mizizi hupenda kuanzia. Nikatoa majani ya chini, nikaacha mawili ya juu, nayo nikayapunguza nusu yasinywe maji yote. Nikapaka utomvu wa mshubiri kwenye kidonda. Nikakata chupa za plastiki, nikazitoboa chini, nikazijaza mchanga wa mto uliooshwa na udongo kidogo, nikachomeka vijiti na kufunika kila kimoja kwa kipande cha juu cha chupa ili unyevu usitoke. Nje nikazungushia kitambaa cheusi. Mizizi haipendi mwanga, lakini mimi nikiinua kitambaa naweza kuchungulia kupitia plastiki. Nikavipanga kivulini nyuma ya nyumba, nikazungushia miiba ya mathenge kwa sababu ya mbuzi. Kimoja chupa yake ilikuwa na ufa, nikakiweka ndani karibu na mtungi nikisema nitakitafutia chupa nyingine.

Mbuzi niliwaza. Jua niliwaza, na kuku, na watoto wa jirani wenye mpira wao. Sikumwaza mama mkwe wangu.

Mama Gumato anaishi nasi, kwenye nyumba yake ya nyasi upande wa zizi. Ni mama wa Kiorma wa zamani, Kiswahili chake ni cha sokoni Garsen, na mapenzi yake yote yanapitia kwa ng'ombe. Ukiugua anakuletea maziwa. Ukifurahi anakuletea samli. Nilipojifungua Kadra alinitolea ndama jike. Kwake hakuna kizuri kilichowahi kutoka mahali pengine.

Asubuhi moja niliamka, nikaenda nyuma ya nyumba, nikasikia harufu kabla sijaona. Kila chupa ilikuwa imejazwa mpaka juu mavi ya ng'ombe, mabichi, yanatoa mvuke. Mama Gumato alikuwa amechuchumaa pale, mikono imemchafuka mpaka kwenye viwiko, ananitazama kwa tabasamu.

"Mama Kadra, mimi nasaidia wewe," akasema. "Ya leo hii, bado ya moto. Hii iko na nguvu sana."

Ala! Mtu yeyote aliyewahi kulima anajua. Samadi ni ile iliyokaa ikakauka ikawa kama udongo. Hii mbichi inachoma. Hata mgomba mkubwa huuwekei shinani, sembuse kijiti chenye kidonda! Lakini Mama Gumato angejulia wapi? Yeye maisha yake yote amefuata ng'ombe kwenye nyasi ambazo hakuna aliyezipanda.

Nilipiga magoti nikaanza kuchokoa kwa vidole, nikamwaga maji, nikasuuza, nikachomeka upya. Yeye anauliza, "Kuna nini? Kuna nini?" Na mimi mdomo wangu hauna breki, kila mtu kwetu anajua.

"Umeviua!" nikamwambia. "Umemwua mara ya pili! Nani alikuita hapa? Yule ni mtoto wangu mimi. Wewe wako ni ng'ombe, nenda kwa ng'ombe wako!"

Alijifuta mikono kwenye mchanga, taratibu, akaenda kwake. Bonaya aliposikia alitoka kwenda malishoni bila kunywa chai. Wallahi nilijua nimevuka mpaka, lakini hasira ilikuwa imenikaba, nikajiambia ataomba msamaha yeye kwanza.

Vijiti vikaanza kufa. Weusi ulianzia chini ukapanda, laini laini, ukikibonyeza kinatoa maji ya kunuka. Kila nikiamka kimoja kimelala. Nilikata sehemu nyeusi, nikachomeka upya, nikapaka mshubiri tena, wapi! Mwishowe nyuma ya nyumba hapakubaki kitu. Kilichobaki ni kile cha ndani, kwenye chupa ya ufa, ambacho Mama Gumato hakukiona.

Kuanzia hapo mimi si mtu tena. Nilikihamishia chupa nzima huku nimezuia pumzi. Nikipika nakiwaza, nikiswali nakiwaza, astaghfirullah, nikisujudu naona kitambaa cheusi. Nikitoka kwenda kisimani narudi mbio na ndoo nusu. Maji mengi kitaoza, maji machache kitakauka, na mimi nikimwagia nusu yaliishia nje ya chupa. Naye Mama Gumato alikaa kwake. Nikimpelekea chakula anapokea, anasema "haya," basi. Hakukanyaga tena nyuma ya nyumba.

Kikatoa majani. Mawili madogo, ya kijani cha kung'aa. Bonaya alifurahi, akasema, "Si kimeshika sasa?" Nikainua kitambaa. Mchanga mtupu. Mama yangu alinionya juu ya jambo hili: majani yanaweza kutoka kwa nguvu iliyobaki ndani ya kijiti, na chini hakuna hata uzi wa mzizi. Usiyaamini majani, alisema, na usikivute kutazama. Nilijifunga mikono kwa leso ili nisikivute.

Halafu leo, baada ya adhuhuri, nimefungua kifuniko nikaona kitu katikati ya yale majani. Kidogo, cha kijani, kichwa chake kimechongoka. Tumba la ua.

Moyo ulinipasuka kwa furaha, kisha nikakumbuka. Kijiti kisicho na mizizi kikianza kuchanua, akiba yake yote inakwenda kwenye ua. Litafunguka, litanukia usiku mmoja, na kijiti kitakauka. Dawa ni moja: unalikata tumba likiwa bado dogo, nguvu irudi chini. Nimeyafanya haya maisha yangu yote kwenye miti ya watu bila kufikiri. Kucha mbili, kap, umemaliza.

Nikaweka kucha. Sikuweza. Hili ndilo ua lile lile lililokuwa likianguka juu ya mwanangu, na huenda ni la mwisho. Nikilikata na kijiti kife vilevile? Nikiliacha nilione tu mara moja? Nikamwita Bonaya, nikamweleza. Akanyoosha mkono, akaurudisha, akasema, "Swabra, mimi siwezi," akatoka nje akasimama akitazama zizi. Nikabaki nimekaa chini, chupa katikati ya magoti, nikilia kwa sauti bila haya.

Kivuli kikaingia mlangoni. Mama Gumato.

"Kuna nini?" akauliza.

Nikamweleza. Nilimweleza yote, na majani yanayodanganya na akiba inayoisha. Alisikiliza, kichwa amekiinamisha.

"Na wewe hawezi?"

"Siwezi, Mama."

"Mimi naweza shika? Mimi hapana haribu?"

Lile swali lilinichoma kuliko matusi. Nikamsogezea chupa. Akajifuta vidole kwenye nguo, akafuta tena, akainama mpaka pua yake ikakaribia majani. Akalikata kwa kucha. Akaniwekea kiganjani, akanikunja vidole.

Nikalipeleka puani. Nilivuta pumzi kwa nguvu, mara ya kwanza, mara ya pili. Hakuna. Harufu ya jani tu, harufu ya kitu kibichi.

"Halinukii, Mama," nikasema. "Halinukii kitu."

"Ilikuwa bado," akasema. "Bado kufika."

Kisha Mama Gumato, ambaye sikumwona akidondosha chozi hata siku ya mazishi, akaketi sakafuni kando yangu, ushungi akajifunika usoni.

"Wewe ulienda Ijumaa," akasema ndani ya ushungi. "Mimi siku zingine. Asubuhi, napeleka ndama kunywa maji, napita pale, nasimama. Nasalimia yeye. Naambia yeye ng'ombe gani amezaa. Sasa ndama iko, mimi iko, na hakuna pa kwenda."

Sikuwahi kujua. Miaka yote hiyo nilikuta nyasi za pale zimekanyagwa nikidhani ni mifugo.

Nilitaka kumwambia nisamehe, nikamshika mkono. Baadaye nikamwonyesha jinsi ya kumwagia: vijiko viwili, pembeni, si juu ya shina. Nikampa kijiko. Hakumwaga hata tone nje. Akarudisha kifuniko, akainua kitambaa cheusi kidogo, na sisi wawili tukainama kutazama kupitia plastiki. Mchanga mtupu.

"Kesho nitatazama mimi," akasema, "wewe lala."