Asubuhi ya Posa, Ndani ya Banda la Kuku

…na tundu jingine ni hili, chini kabisa ya banzi la kona, pale udongo ulipochimbuliwa, mwanga unapenya na kulala sakafuni juu ya mavi ya kuku, mweupe kama maziwa yaliyomwagika, ndiyo maana nimejifungia humu, kwa sababu ukiwa nje huoni tundu hata moja, mabanzi yote yanaonekana yamekaa sawa, lakini ukiingia na kuuvuta mlango, giza lenyewe linakuonyesha palipo wazi, na hapa ndipo anapoingilia, nguchiro, si paka mwitu kama anavyosema ndugu yangu Kipkemoi kila mara, Kipkemoi kwake kila mnyama mwenye mkia ni paka mwitu, mondo angebeba kuku mzima akaondoka naye, kanu angeingilia juu kwenye mabati, lakini huyu anachimba, huyu anavunja mayai, na anakuja mchana watu wakichuma majani ya chai, nguchiro, hilo ndilo jina lake, nilifundishwa shuleni na mwalimu aliyetuchapa kwa kusema ndege wakati alitaka tuseme kipanga… subiri, nani huyo? Komeo limelia, komeo la nje, na hizo ni nyayo za Phyllis zinaondoka mbiombio, mke wangu, Phyllis, aliyetii amri niliyoitoa mimi mwenyewe mbele ya nyumba nzima, kwamba yeyote atakayekuta mlango wa kuku hauna komeo alitie hapo hapo, asiulize, asichungulie, na leo ametii bila kuchungulia, nami niko ndani, Johana arap Maritim, mzee wa kanisa, nimechuchumaa katikati ya kuku nikiwa na koti la Jumapili, Phyllis, nataka kuita, mdomo tayari nimeufungua, lakini langoni kuna sauti, na sauti hizo si za nyumbani. "Hodi hapa! Mama Chepchumba, tumefika na umande, vile mzee alituambia!" Gichana. Baba wa yule kijana wa Chepilat anayemtaka binti yangu. Wamefika sasa, hata chai haijachemka, na kosa ni langu, mimi ndiye niliyewaambia kwamba kwetu watu wa posa huja asubuhi, na umande miguuni, nilisema hivyo nikitumaini watachelewa, maana kutoka Chepilat hadi hapa Kiptere si karibu, wakichelewa ningekuwa na neno la kushika, ningesema hawaheshimu desturi zetu, kumbe wamelishika neno langu lilivyo, wamelala kwa nani jamani, ama wametoka kwao giza likiwa bado… sasa nikiita nitoe humu, mlango utafunguliwa mbele ya wakwe, na mimi nitoke nimeinama na manyoya kichwani, hapana, afadhali nikae, Phyllis atanikumbuka, atanitafuta, atakuja peke yake. "Karibuni, karibuni, mzee ametoka kidogo, anarudi sasa hivi." "Ametoka, ama ametoroka?" Huyo tena Gichana, sauti yake kubwa kama ya mnada wa ng'ombe. "Kama anaogopa Wakisii, mwambie mishale tumeacha nyumbani!" Mungu wangu, amesema, amelisema lile ambalo mimi tangu mwaka wa tisini na mbili nalizunguka kama shimo la choo, zile nyumba zilizochomwa kule mpakani kati yetu na Wakisii, zao na zetu, ng'ombe wa shemeji yangu walioswagwa usiku na hawakurudi, hilo ndilo lililokaa kooni mwangu tangu binti yangu Chepchumba ataje kijana huyu, si kitu kingine, nilisema ni viatu vyake, viatu vya ncha kali kama sindano ya kushonea magunia, nikasema mtu wa viatu hivyo hawezi kufuga, na leo nilikuwa nimepanga kusema tutafikiri, tena kwa upole, na kwetu tutafikiri ni hapana iliyovaa koti… na sasa Kipkemoi anajibu, namsikia akikohoa kwanza, Kipkemoi usiharibu, ndugu yangu, nakuomba, "Hata yetu iko kwa dari, Gichana, lakini imeliwa na mchwa, hiyo hofu ni ya bure!" na wanacheka, wote wawili, wanacheka mpaka Kipkemoi anapiga kikohozi chake cha tumbaku, na Phyllis naye anacheka, nasikia vikombe vikigongana, na mimi hapa kwa kuku mdomo wangu umevutika pembeni bila ruhusa yangu. Huyu mwenye madoa, kuku anayeatamia, amenidonoa kifundo cha mguu, sikulaumu mama, jana amenyang'anywa mayai, yamebaki machache anayafunika kama anafunika moto usizimike, leo nilitaka kuziba kabla ya wageni, niko na mawe yangu hapa, lakini mawe yako ndani na shimo linazibwa kutoka nje, sikufikiria hilo, mwanafunzi hodari kama mimi… "Mimi nanyoosha miguu kidogo," hiyo sauti ni ya kijana, Osoro, na hatua zinakuja huku, zinazunguka nyuma, anakuja nyuma ya banda, kwa nini mtu aende nyuma ya banda asubuhi, asije akafungua suruali yake hapa, Bwana, usiniletee aibu hiyo, nisimwone mkwe kabla hajawa mkwe… ile ncha ya kiatu imesimama mbele ya tundu, nyeusi, ina matope ya Chepilat na ya Kiptere, imekata mwanga katikati, haisongi. Kisha goti. Goti la suruali ya kijivu iliyopigwa pasi limeshuka chini kwenye udongo ulioloweshwa na hii mvua wanayoiita El Nino, na kidole kimeingia, kidole cha mtu, kimepita karibu na pua yangu, kinapima upana, kinageuka, kinakwaruza ukingo, kuku wamepiga kelele, nami nimezuia pumzi kama mwizi katika boma langu mwenyewe. Kidole kimetoka. Jiwe limekuja. Si jiwe la kutupwa tu, anajaribu moja, anaona halikai, analitoa, analeta jingine, analizungusha mpaka linashika, kisha udongo, nasikia kiganja kikiupiga, pa, pa, pa, hakuna aliyemtuma, hakuna anayemwona, watu wote wako mbele kwenye vikombe, na yeye amepiga magoti nyuma ya kuku wa mtu ambaye huenda leo akamnyima binti. Mwanga wa kona umezimika. Anahamia la pili, lile la chini ya kiota, "Osoro! Wewe unafanya nini huko?" Chepchumba wangu, kitindamimba, mwalimu wa watoto wadogo, ambaye jana alinipa chakula bila kuniangalia usoni. "Njoo uone. Hii si paka." "Nani alisema ni paka?" "Uncle yako amesema sasa hivi. Hii ni nguchiro. Angalia kucha, amechimba hivi, akitoka anasugua mgongo hapa juu." Nguchiro… amesema nguchiro, amelitaja bila kusita, na kweli, anasugua mgongo, manyoya yake nimeyakuta juu ya tundu wala si chini, na sikujua kwa nini. "Wewe na baba yangu mtaongea mpaka ng'ombe zirudi," anasema Chepchumba. "Kama ataongea na mimi." "Ataongea. Angalia suruali yako sasa! Utaingia kwa nyumba na magoti ya matope?" "Nitasema nilikuwa naomba." Na binti yangu anacheka, si kicheko cha adabu cha mbele ya wageni, ni kile cha zamani, cha kuanguka, alichokuwa nacho akiwa mdogo akimkimbiza ndama kati ya michai na ndama akamshinda, nilidhani ameacha kicheko hicho njiani, kumbe hakukiacha, nilikuwa sikisikii mimi tu, humu ndani nakisikia vizuri, hakuna uso wangu wa kumnyamazisha. "Enda, mamako anakuita, mimi namaliza, hizi mayai zitaisha zote nikiacha hivi." Anaenda. Anapiga udongo. Tundu moja baada ya jingine linazibwa na kunifunga macho, na kuku wanashangaa, wanadhani ni jioni imefika ghafla, wameanza kupanda, mmoja kwenye mti wao wa kulalia, mwingine nyuma yake, wanasukumana, jogoo anaguna, hakubali, jana jioni ilikuwa ndefu kuliko hii, na tetea mmoja mweupe, kwa kukosa nafasi, amerukia bega langu, amekunja kucha kwenye koti la Jumapili na kutulia, mzito, wa moto, anapumua karibu na sikio langu, na mimi arap Maritim simwondoi. Nini hiki kifuani? Nilikuja humu na hapana yangu imenyooshwa vizuri, sasa naitafuta gizani naona imeyeyuka, hata mishale ya darini sikumbuki ilikuwa ya nini, nakumbuka ule mzaha tu, na kikohozi cha Kipkemoi. "Lakini huyu mzee amepotelea wapi?" Gichana, huko mbele. "Chai inapoa," anasema Phyllis, na sauti yake imeanza kuwa na wasiwasi, atakumbuka sasa hivi, atakumbuka komeo. Na Osoro amesimama, nasikia akipangusa mikono, anadhani amemaliza, hajamaliza, limebaki moja, upande huu huu wa nyuma, karibu na nguzo, dogo, limejificha nyuma ya jani kwa nje lakini kwa ndani linawaka kama nyota, nguchiro akikosa kona atakuja hapo kesho, hatua zimeanza kuondoka, moja, nyingine, anarudi kwa watu, na mimi ninaweza kunyamaza, heshima yangu ingebaki nzima, ningetoka baadaye kwa siri na kuziba mwenyewe… "Kijana," nimesema, sauti yangu imetoka kavu, "bado moja." Hatua zimesimama. Nasikia tone la umande likianguka kutoka kwenye mabati. Sasa atacheka, ana haki, au ataita watu, au atafungua mlango kwa haraka na kuniaibisha kwa wema wake… lakini anarudi polepole, anapiga magoti tena palepale kwenye matope, na sauti yake inakuja chini, karibu na mbao, chini sana, ya kusikika na mimi tu na kuku. "Ni wapi, baba?" "Kushoto," nasema. "Nyuma ya jani. Weka jiwe bapa."