Neno Foleni

Uvumi ulimkuta Ndeshi akichagua ndizi mshale sokoni Daraja Mbili, ukamganda kama utomvu: kompyuta za hospitali zimemeza majibu ya damu ya mjamzito wa Olmotonyi, na mwanamke huyo sasa yuko mahututi.

"Mama Elinami," Theresia muuza ndizi alimtania, "si mwanao ndiye aliyezitengenezea huo mfumo? Mwambie aulishe, usile damu za watu!"

Wenzake wakaangua kicheko. Ndeshi naye akacheka, kwa meno tu. Njia nzima ya kurudi Elerai alijiambia kuwa watu wa sokoni husema lolote.

Elinami alikuwa amekaa mezani, kompyuta yake imefungwa. Ilikuwa mchana wa siku ya kazi. Hilo pekee lilimtosha mama.

"Ni kweli?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuuliza."

Binti akatazama mikono yake. "Ni kweli."

"Mimi niliishia la saba. Nieleze kwa lugha ya la saba."

"Programu zetu, tulizoziandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java, hazisubiriani, mama. Maabara ikipata majibu inayatuma, inaendelea na yake. Wodi itayachukua kwa wakati wake. Katikati lazima kiwepo chombo cha kupitishia ujumbe. Nilikuwa na viwili. Kimoja kinauandika na kuutunza mpaka wodi iseme imepokea. Kingine kinatangaza mara moja, basi. Asiyekuwepo, shauri yake."

"Kama matangazo ya kanisani."

"Hivyo hivyo."

"Na majibu ya damu ukayapa matangazo?"

"Kile cha kwanza kinaitwa foleni. Nilisimama mbele ya wakubwa wa hospitali nikasema majibu yatakaa kwenye foleni. Meneja, Bwana Reginald, akaruka: 'Foleni tena? Mfumo huu tumeutaka ili foleni ziishe!' Wakampigia makofi. Nikaona aibu kuwaeleza. Nikalifuta neno, mama, nikafuta na kitu chenyewe."

Ndeshi alikuwa amekuja na maneno makali mdomoni. Yakamwishia. Alikumbuka madirisha ya hospitali aliyosimama mbele yake, mtoto mgongoni, kadi mkononi, akiilaani foleni toka asubuhi hadi miguu ivimbe. Angekuwamo katika kikao kile, na yeye angepiga makofi.

Siku ya majibu yale, binti alieleza, umeme ulikuwa umekatika kwa dakika nne. Kompyuta za wodi zikazimika. Maabara, yenye betri zake, ikatangaza kwamba Nkasiogi, yule mjamzito wa Olmotonyi, amepungukiwa damu vibaya, aongezwe mara moja. Tangazo likapita hewani bila sikio. Wodi ilipowaka tena, safu ya majibu ya hatari ilikuwa tupu. Wauguzi wakaona hayuko hatarini, wakamruhusu arudi kwake mlimani.

"Rekebisha, basi," mama alisema.

"Nimerekebisha asubuhi. Sasa kila ujumbe unaandikwa."

"Na ule wake?"

"Haupo. Haukuandikwa popote."

Simu ikaita. Elinami alisikiliza, akasema "ndiyo" mara mbili, akailaza kifudifudi juu ya meza. Ndeshi alivua khanga yake akamfunika binti mabega, ingawa jua lilikuwa linachoma bati juu yao, na binti hakuonyesha kuwa amefunikwa.

Mwezi uliofuata mdogo wa Elinami, Blessing, alipata nafasi chuoni kusomea kompyuta. Watu walikuja kumpongeza mama. Aliwapa chai, kisha akachana karatasi ya daftari na kuandika kwa herufi kubwa, polepole, akiulizia maneno mengine chumbani kwa Elinami, ambaye alijibu bila kufungua mlango.

Blessing, epuka haya:

Kutangaza mara moja habari ambayo mtu akiikosa anakufa.

Kutuma kitu ukaendelea na yako bila kujua kimepokelewa.

Kuona patupu ukadhani pako salama.

Kuficha usichoweza kukieleza.

Makofi ya wakubwa.

Kwenda msibani peke yako, kama dada yako alivyokwenda Olmotonyi.